Pengwini na hicho "kichwa cheupe"

Juzi nimemsikia tena mtu akiwaambia watoto kwamba pengwini alipewa jina na Wawelisi, watu wa Wales huko Uingereza, kwa sababu ana kichwa cheupe. Watoto wakainua macho kwenye picha ukutani: kichwa cheusi ti. Mmoja akauliza, akanyamazishwa. Na swali lake lilikuwa la haki.

Pengwini, au ngwini, ni ndege wa bahari za kusini asiyeruka. Maana ni hiyo tu. Utata uko kwenye jina.

Jina lilianza kwa ndege mwingine kabisa, wa Atlantiki ya kaskazini, ambaye kisayansi ni Pinguinus impennis. Naye hakuruka, alisimama wima, mgongo mweusi, tumbo jeupe, lakini ukoo wake uko karibu na shakwe kuliko pengwini. Mabaharia wa karne ya 16 walimjua huko Newfoundland, kisiwa cha Kanada. Walipofika Mlango-Bahari wa Magellan, kusini kabisa mwa Amerika, wakakuta ndege wanaofanana naye, wakawapa jina lile lile. Mwenye jina aliwindwa mpaka akaisha: jozi ya mwisho inayojulikana iliuawa kisiwani Eldey, Iceland, mwaka 1844.

Sasa Kiwelisi. Pen ni kichwa, gwyn ni -eupe, na kivumishi hufuata nomino kama kwetu. Ni maneno ya kale. Sauti "kw" ya Kiselti cha awali, lugha mama ya Kiwelisi na Kiayalandi, iligeuka "p" kwa Wawelisi na "k" kwa Waayalandi, ndiyo maana pen na ceann ya Kiayalandi ni neno moja. Gwyn ni ndugu wa fionn ya Kiayalandi na vindo- ya Wagali, Waselti wa kale wa Ufaransa, ile iliyomo katika Vindobona, ngome ya Kirumi palipo Vienna leo.

Ila pen ni rasi pia, kwa hiyo huenda kilichokuwa cheupe ni mwamba waliokaa ndege, si ndege wenyewe. Maana hata huyo wa kaskazini kichwa chake kilikuwa cheusi, chenye baka jeupe kati ya jicho na mdomo. Wapo wanaolitoa neno kwenye Kilatini pinguis, yaani -nono. Na mwaka 1583 Mwingereza George Peckham alilitumia neno hili, kama la Kiwelisi, kudai kwamba mwanamfalme wa Welisi, Madoc, alitangulia kufika Amerika. Asili ya neno ikawa hoja ya Uingereza kudai ardhi huko.

Kwa hiyo mtoto akiuliza, mwambie hivi: huenda jina ni la Kiwelisi, lakini aliyeitwa hivyo kwanza si huyu wa pichani. Wafaransa wanawatenganisha mpaka leo: pingouin ni wa kaskazini, na huyu wa kusini wanamwita manchot.