Megawati na kilowati-saa: ufafanuzi kwa wateja wa umeme wa Lubumbashi

Malalamiko kuhusu fakture yameongezeka kwenye madirisha yetu ya huduma, na mengi yanatokana na kuchanganya nguvu ya chombo na umeme ambao chombo hicho kimetumia. Mteja wa Katuba alituletea fakture ya kilowati-saa 310 akatuonyesha lebo ya jiko lake la umeme iliyoandikwa wati 2,000, yaani kilowati 2, akiuliza 2 imegeukaje kuwa 310. Tulikaa naye tukapiga hesabu: kilowati hupima nguvu ya chombo, na kilowati-saa ni umeme unaotumiwa na chombo cha kilowati 1 kikiwaka saa moja. Jiko la kilowati 2, likiwaka kwa nguvu zote saa tano kwa siku, kama inavyotokea katika nyumba inayochemsha maharagi na kusonga bukari (ugali) mchana na jioni, hutumia kilowati-saa 10. Kwa siku 30 ni 300. Taa tano za wati 9 zikiwaka saa sita kila usiku huongeza nane na kidogo, na simu za nyumba nzima zikamaliza zilizobaki. Mita haikukosea.

Kilowati 1,000 ni megawati 1, na megawati 1,000 ni gigawati 1. Kwa hiyo megawati 1 huwasha majiko 500 kama hilo kwa wakati mmoja, wala si zaidi, jambo ambalo wanaodai kwamba megawati chache zingetosha mji mzima wangelipima kwanza.

Tukija kwenye vituo vya umeme wa maji vya Inga, Inga ya kwanza ina mashine sita na uwezo wa megawati 351, Inga ya pili ina mashine nane za megawati 178 kila moja, yaani 1,424. Jumla ni 1,775. Idadi hiyo huonyesha kile ambacho mashine zote zingetoa zikizunguka pamoja, zikiwa nzima na zikipata maji ya kutosha. Zikifanya hivyo mwaka mzima bila kusimama, zingezalisha kilowati-saa takriban bilioni 15.5, lakini hakuna kituo duniani kinachofanya kazi hivyo, na mashine moja tu ya Inga ya pili ikisimamishwa kwa matengenezo, megawati 178 hutoweka siku hiyo hiyo. Ama megawati 40,000 hivi zinazotajwa kila Inga Kuu inapozungumziwa, huo ni uwezo wa mto Kongo mahali pale endapo mradi wote utajengwa. Haziwezi kugawiwa leo.

Tunaulizwa pia, wakati mwingine kwa hasira, kwa nini laini ya Inga–Kolwezi inapita juu ya vijiji visivyo na taa. Laini hiyo ya takriban kilomita 1,700 husafirisha umeme wa mkondo mmoja, unaotiririka upande mmoja tu tofauti na ule wa nyumbani, kwa volti 500,000, na hauwezi kuchotwa njiani bila kujenga kituo kikubwa cha kuubadilisha. Kuning'iniza waya hapo ni kujiua.

Katika mtaa, kinachoamua ni transfoma. Yenye kilovolti-ampere 400 (kipimo cha uwezo wa transfoma, ambacho kwa majiko ni sawa na kilowati) hubeba majiko 200 ya kilowati 2 na kufikia kikomo chake. Pasi, friji na mashine za kuchomelea vyuma zikiongezwa saa kumi na mbili jioni, kinga hukata umeme hata kama kituo cha kuzalisha umeme cha Nseke, chenye megawati 248, inazalisha vizuri. Huo si delestaji, yaani ukataji wa makusudi wa kupunguza matumizi, na kupiga kelele mbele ya kabini, chumba cha transfoma, hakurudishi umeme.

Anayepinga fakture alete barua yenye namba ya mteja na namba ya mita, nakala za fakture mbili za mwisho, picha ya tarakimu za mita, na tarehe na saa ya kuzisoma. Malalamiko ya mdomo hayaandikwi katika rejista. Fundi akitumwa kukagua, mteja au mtu mzima aliyemteua awepo na atie saini kwenye hati ya ukaguzi. Akikataa, kukataa kwake huandikwa. Sili ya mita isiguswe na mtu mwingine yeyote, hata na fundi wa jirani anayeaminika, kwa kuwa sili iliyokatwa hufanya mita ichunguzwe kama ya udanganyifu. Kujiunganishia umeme kwa wizi ni kosa la jinai, na sekta nzima inasimamiwa na sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014. Mwenye nyumba asiseme kwamba ni mpangaji aliyefanya, kwa sababu mkataba wa umeme una jina lake, na umeme hukatwa kwanza kabla ya wawili hao kupatana.