Runinga Kubwa, Radi na Ukuta wa Nyumba Yako

Runinga nyingi zinazoletwa katika karakana yetu ya umeme hapa Kisumu hazikutengenezwa vibaya. Zimeungua mahali pamoja: bodi ya umeme iliyo nyuma, pale waya kutoka ukutani unapoingilia. Na mwenyewe husimulia yaleyale: mvua ilinyesha, radi ikapiga, stima ikapotea, iliporudi skrini haikuwaka tena. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue smati tivi gani ya inchi 55, mimi huanza kwa kumuuliza umeme wa nyumba yake ulivyounganishwa.

Tunaishi katika mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana, upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuelekea milima ya Nandi, Kericho na Kisii, hewa yenye unyevu hupanda na mawingu hujengeka alasiri. Usiku upepo hugeuka ukatoka nchi kavu, na ngurumo huhamia ziwani. Radi haihitaji kupiga paa lako ndipo runinga iungue. Ikipiga karibu na waya wa stima mbali na kwako, msukumo wa volteji hufuata waya huo hadi ndani. Umeme wetu ni wa volti 240; msukumo huo unaweza kufika maelfu ya volti kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Bodi ile haina uwezo wa kustahimili hilo.

Hapa ndipo watu wengi huamini tivi gadi kupita kiasi. Tivi gadi ni kifaa kizuri, na kila nyumba inayopotezewa stima mara kwa mara iwe nacho: hukata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiwango, na stima ikirudi hungoja kidogo hadi itulie. Lakini swichi yake ni ya polepole mno mbele ya radi. Kinachopambana na msukumo wa radi ni kipuri kiitwacho varista, kilicho ndani ya ekstensheni zilizotengenezwa kuzuia msukumo. Varista huuelekeza umeme uliozidi pembeni, na sehemu yake kubwa inapaswa kushuka ardhini kupitia waya wa erthi, ule wa kijani na manjano. Sasa kagua nyumba nyingi za kupangisha: tundu la tatu la soketi lipo, lakini nyuma yake hakuna waya wowote, au waya upo na nondo ya erthi nje ilishang'olewa. Kizuizi cha bei ghali katika soketi ya aina hiyo hukulinda nusu nusu tu. Mwite fundi aliyesajiliwa apime erthi kabla hujaenda dukani. Varista nayo huchakaa kila inapopigwa, kwa hiyo ekstensheni ambayo taa yake ya ulinzi imezimika ibadilishwe, hata kama bado inapitisha umeme.

Kinga isiyo na gharama ni kuchomoa. Nasema kuchomoa plagi, wala si kuzima kwa rimoti au kwa swichi ya soketi. Rimoti huiacha runinga ikiwa bado imeunganishwa, na ile swichi huacha mwanya mdogo ambao radi huuruka bila shida. Chomoa pia waya wa antena au wa dishi, na waya wa intaneti kama upo, maana msukumo huingia kwa njia hizo vilevile. Fanya hivyo mawingu yanapokusanyika. Ngurumo zikishaanza, usiziguse nyaya hizo. Ngoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Jambo jingine linalonisumbua ni plagi za miti miwili. Runinga nyingi kutoka nje huja nazo, na nimeona katika nyumba nyingi kalamu au kijiti cha kiberiti kikisukumwa katika tundu la erthi ili soketi ifunguke. Plagi hiyo hukaa legelege, hucheza, hutoa cheche, na plastiki ya soketi hugeuka rangi ya kahawia. Tena haina fyuzi. Nunua adapta nzuri yenye fyuzi, au fundi akufungie plagi ya miti mitatu.

Kuhusu ukubwa, inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, ya 55 sentimita 122, na ya 65 sentimita 144. Zidisha ule urefu wa pembe kwa pembe kwa 1.6 na utapata umbali mzuri wa kukaa: kama mita 1.75 kwa inchi 43, mita 2.2 kwa 55, mita 2.6 kwa 65. Chumba cha futi kumi kwa kumi katika mitaa ya Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu kina mita tatu tu, na kochi limeshachukua karibu moja. Hapo inchi 43 zinatosha kabisa. Isitoshe, skrini ya 4K ina nukta zipatazo milioni 8.3, ilhali picha kamili ya HD ina kama milioni 2, na chaneli nyingi za bure kwenye king'amuzi hazifiki hata hapo. Ukiikaribia skrini kubwa, uso wa msomaji habari huonekana umefifia. Na kama utatazama filamu za 4K kwa intaneti, saa moja inaweza kula GB 7. Anayetumia bando la simu apunguze ubora katika mipangilio.

Ukuta ni suala la usalama wa watoto. Runinga nyembamba iliyosimama juu ya kabati la droo huanguka mtoto akizifungua na kuzipanda kama ngazi, na imeua watoto katika nchi nyingi. Ukuta wa mawe au matofali unafaa kwa breketi, mradi matundu yatobolewe kwenye jiwe lenyewe, yatiwe vishikizo vya plastiki vinavyolingana na skrubu, na breketi ilingane na matundu manne ya nyuma ya runinga, ambayo umbali wake hupimwa kwa milimita, mfano 200 kwa 200. Ukuta wa udongo, plaiwudi au mabati usiubebeshe mzigo huo. Weka meza pana, fupi na nzito, kisha uifunge runinga kwa mkanda kwenye nguzo ya nyumba.

Nyuma ya runinga pana matundu ya kupitisha hewa. Vitambaa vya kufuma tunavyovipenda sebuleni visiyafunike ikiwa imewashwa. Kwa walio karibu na ziwa, wadudu hufuata mwanga usiku na mijusi hufuata wadudu. Nimefungua runinga nikakuta mjusi aliyekauka kwenye bodi. Funga madirisha kwa wavu.

Kuna pia suala la taarifa zako binafsi. Runinga hizi zinaweza kutambua unachotazama na kukituma kwa kampuni. Mwaka 2017 Vizio, kampuni ya runinga ya Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwa kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila idhini ya wenyewe. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini kitufe cha kuzima kiko mkononi mwako, chini ya faragha katika mipangilio. Tahadhari zaidi na visanduku vya Android vya bei rahisi visivyoidhinishwa na Google: Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, lilionya kwamba vingi vya aina hiyo vimeambukizwa programu hasidi, vingine kabla hata havijauzwa.

Siku ya kununua, taka iwashwe mbele yako na itazame kwenye picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, utafute mistari na nukta zilizokufa. Kagua alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na uchukue risiti yenye namba ya runinga pamoja na karatasi ya dhamana. Isafirishwe ikiwa imesimama ndani ya boksi lake, isilazwe wala kubanwa kati ya dereva wa boda na abiria, na ikifika muishike kingo watu wawili, vidole visiguse kioo.