Msitu gani una mamalia wengi? Swali lenye mtego

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni kuchunguza mamalia wa misituni, swali linalofuata huwa lilelile: msitu gani una wanyama wengi kuliko mingine? Anataka jina moja, kama anayeuliza nani anaongoza ligi.

Jina lipo. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliotumia kamera 420 za mtego, zinazojipiga picha zenyewe mnyama anapopita, katika misitu saba ya tropiki, ikiwemo Udzungwa yetu na Bwindi ya Uganda. Zilipatikana picha karibu 52,000 za spishi 105 za mamalia. Suriname iliongoza kwa spishi 28, na Nam Kading ya Laos ikashika mkia kwa 13. Lakini mimi navutiwa zaidi na jambo jingine lililoonekana humo: pale msitu ulipokuwa mdogo au umekatwa vipande, waliotangulia kutoweka ni wanyama wenye miili midogo na wale wanaoishi kwa kula wadudu. Idadi peke yake haikuelezi hilo.

Tuje Udzungwa, ninakokufahamu. Msitu wa Mwanihana unaanza kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, jirani na mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero, ukapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Mpando wa namna hiyo ni adimu Afrika Mashariki, maana kwingi msitu wa chini umeshageuzwa shamba. Huku chini kuna joto na miti mingi hupukutisha majani kiangazi; ukipanda unaingia msitu wa mvua wenyewe, na juu kabisa ni ukungu na mianzi.

Ndani ya msitu huo yupo minde, funo (swala wa msituni) mkubwa mweusi asiyepatikana nje ya Tanzania. Ni mwoga kiasi kwamba picha yake ya kwanza porini ilipigwa na kamera ya mtego mwaka 2003. Picha nyingine ilimwonyesha akiwa na chura mdomoni. Mla majani na matunda, na chura! Ndiyo maana sipendi kuwapanga wanyama kwa kubahatisha kwamba huyu ni wa majani, yule ni wa nyama, basi.

Sasa vuka uende Ndundulu, msitu mwingine wa milima hiyohiyo. Huko yuko kipunji, nyani-kima aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 2005, na ambaye nje ya hapo yuko upande wa Rungwe na Kitulo tu. Mwanihana hayupo. Mwanihana kuna mangabe wa Sanje, naye wa jamii ya nyani, ambaye Ndundulu hayupo. Makao yake mengine ni msitu wa Uzungwa Scarp, kusini zaidi. Ukihesabu, kila msitu unapata alama moja kwa nyani wa aina hiyo, na orodha zinaonekana sawasawa. Kwa mtu wa hifadhi tofauti ni kubwa mno: ukipoteza kipunji wa Ndundulu, mangabe wa Mwanihana hafidii chochote. Ndundulu hiyohiyo ndiko kamera iliponasa mwaka 2005 sange mwenye uso wa kijivu, mla wadudu wa gramu 700 hivi, akatangazwa spishi mpya mwaka 2008.

Nimetaja kamera mara nyingi, basi niseme zinavyofanya kazi, kwa sababu nusu ya ubishi wetu unatoka hapo. Tunaifunga kwenye shina la mti, chini ya usawa wa kiuno, ikielekea kinjia cha wanyama hatua chache mbele. Inashtuka kitu chenye joto tofauti na mazingira kikipita. Kwa hiyo anayeshinda ardhini, kama funo, panya buku, nguchiro au huyo mangabe anayependa kutembea chini, hupigwa picha tele. Mbega, komba na pembere wanaoishi juu mitini huonekana kwa nadra. Popo na panya wadogo ndio kabisa, nao kwa pamoja ni zaidi ya nusu ya spishi za mamalia duniani. Kwa hiyo zile 28 za Suriname si mamalia wote wa msitu ule; ni wale wa ardhini wenye mwili wa kutosha kuishtua kamera.

Mbega wanahitaji mtu kutembea taratibu kwenye njia maalumu, shingo juu, akihesabu makundi. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizoonyesha kilichotokea Uzungwa Scarp kabla haujapewa ulinzi mkali. Uoto wake unafanana sana na wa Mwanihana, lakini ulikuwa ukiwindwa kwa mbwa na mitego ya nyaya. Mbega mwekundu wa Udzungwa na mbega mweusi na mweupe walipungua vibaya, wakati kima hakuanguka kwa kiasi hicho. Kima ni mjanja na hula karibu kila kitu. Mbega hutegemea sana majani na hukaa kundi zima mahali pamoja, hivyo mwindaji hahangaiki kumpata. Kwenye orodha ya spishi, wote watatu waliendelea kuwekewa alama ya “yupo”.