Rezista ya Kathodi katika Amplifaya za Valvu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mpiga gitaa wa kanisa aliniletea amplifaya yake hapa karakanani, Ngarenaro, Arusha, akaiweka mezani na kusema, "Fundi, nikipiga taratibu ni nzuri, lakini nikikaza mkono sauti inabanwa, na zamani haikuwa hivi." Nilipofungua chasisi nilikuta kwenye kathodi (ncha inayotoa elektroni) ya valvu ya kwanza, yaani bomba la kioo linalokuza mawimbi, rezista (kipinga mkondo) mpya yenye rangi za kijivu, nyekundu na kahawia, yaani omu 820, mahali ambapo mchoro wa amplifaya hiyo unataka kahawia, kijani na nyekundu, yaani omu 1,500. Fundi aliyeitengeneza kabla yangu alikuwa amemweleza kwamba 820 ndiyo thamani ya Marshall, kampuni ya Uingereza ya amplifaya, kwa hiyo ni bora zaidi.

Dhana hiyo nakutana nayo mara kwa mara, nami naiona kuwa chanzo cha nyingine nyingi, kwa sababu inaichukulia namba ya rezista kana kwamba ina maana yake yenyewe. Ni kweli kwamba Marshall JTM45, iliyoundwa London mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kufuata mchoro wa amplifaya ya Kimarekani ya Fender Bassman, ina rezista ya omu 820 kwenye valvu ya kwanza. Lakini ukiufuata mchoro kwa kidole utaona kwamba kathodi mbili za valvu hiyo, ambayo ndani yake ina triodi mbili (vikuzaji viwili), zimeunganishwa pamoja na kutumia rezista hiyo moja. Mikondo ya triodi zote mbili inapita humo, hivyo kila triodi inafanya kazi kana kwamba ina rezista yake ya omu 1,640, thamani iliyo karibu sana na ile 1,500 iliyong'olewa. Aliyeinakili 820 kwenye triodi moja hakuipata Marshall hata kidogo.

Dhana ya pili ni kwamba ukipunguza rezista kwa nusu, mkondo unaongezeka mara mbili. Mkondo unaopita kwenye rezista hiyo unainua volti ya kathodi juu ya ile ya gridi (ncha inayopokea mawimbi ya gitaa), na kadiri kathodi inavyopanda ndivyo valvu inavyojibana yenyewe. Kwa valvu ya 12AX7 yenye rezista ya anodi (ncha inayopokea elektroni) ya omu 100,000 na umeme wa volti 300, rezista ya 1,500 hukupa takriban volti 1.5 kwenye kathodi, yaani miliampea 1. Katika amplifaya ya mpiga gitaa wetu mita ilisoma volti 1.1 juu ya ile 820, na ukigawanya unapata miliampea 1.34 hivi, ambayo ni ongezeko la theluthi moja tu. (Unapopima, kumbuka kwamba kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) za umeme mkubwa hubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, zitoe chaji kupitia rezista kabla ya kuingiza mkono.)

Kilichompata kinaelezwa na hizo volti 1.1. Mawimbi ya gitaa yakipanda hadi kuikaribia volti ya kathodi, gridi huanza kuvuta mkondo na kilele cha mawimbi kinabanwa. Pikapu zake (vinasa sauti vya gitaa) zina nguvu, naye anapokaza mkono anafika huko mapema kuliko angefika kwenye volti 1.5.

Wengine, wakisikia hayo, hukimbilia upande wa pili na kusema kwamba rezista kubwa daima huleta sauti safi. Hapana. Rezista kubwa huiweka valvu karibu na mahali inapozima, na mawimbi makubwa yakija hukatwa upande huo wa pili. Katika hatua ya pili ya ukuzaji ya Marshall 2203 kuna rezista ya omu 10,000, tena bila kapasita, iliyowekwa hapo hasa ili mawimbi yakatwe upande mmoja, na ule mngurumo wa gitaa la roki unaopendwa na vijana wetu unatokana kwa sehemu na uamuzi huo. Mawimbi yakiwa madogo ni kweli yatapita safi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Kapasita inayokaa sambamba na rezista ya kathodi husahaulika kabisa, ingawa kwa masikio yangu ina uzito kuliko tofauti ya omu mia chache. Pamoja nayo, hatua ile ya 12AX7 hukuza mawimbi karibu mara 60. Ukiiondoa, ukuzaji unashuka hadi mara 30 na kidogo. Kapasita ya mikrofaradi 25 juu ya omu 1,500 hupitisha besi yote ya gitaa. Lakini mikrofaradi 0.68 juu ya omu 2,700, kama ilivyo katika Marshall nyingi, huanza kuongeza ukuzaji kwenye hezi 87 hivi na kuukamilisha juu ya hezi 230. Waya mnene wa gitaa hutoa hezi 82, kwa hiyo besi haipati ongezeko ambalo sauti za juu zinapata. Anayebadilisha rezista akaiacha kapasita bila kuifikiria anahamisha pia mpaka huo.

Kuhusu ukubwa wa wati nitasema kwa ufupi: volti 1.5 kwa miliampea 1 ni miliwati moja na nusu, kwa hiyo robo wati inatosha kabisa, na rezista nene ya wati mbili haibadilishi chochote katika sauti.

Nilimrudishia mpiga gitaa ile 1,500, mita ikasoma volti 1.48, naye akapiga kwa mkono mzito hadi akaridhika. Aliniuliza kama atahitaji rezista nyingine siku atakaponunua valvu mpya. Valvu mbili za aina moja hazilingani kamwe, na ile mpya huenda ikasoma 1.3 au 1.6, lakini rezista ileile itaisawazisha, maana ikivuta mkondo zaidi inajiinulia kathodi na kujibana yenyewe.