Kokedama: mmea usio na chungu

Kokedama ni mzaha wa bustani wa Wajapani: unauvua mmea chungu chake, unaviringa udongo kama donge la ugali, unauvika koke, kisha unauweka juu ya sahani kana kwamba hakuna kilichopungua. Koke ni ile mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia kwenye mawe na kuta zenye unyevu. Tama ni tufe, na likiungwa na neno jingine hugeuka dama. Sisi tunaosema ulimi na ndimi hatuna haki ya kushangaa.

Chanzo chake ni bonsai, miti inayokuzwa ikiwa midogo kwenye vyungu, zilizokaa chunguni hadi mizizi ikajaa na kushikana. Ukizitoa, zinasimama zenyewe, na Wajapani huziita nearai. Mchezo huu wa kuondoa chungu umefika mbali: mwaka 2014 msanii Azuma Makoto aliirusha bonsai ya msonobari kwa puto kutoka jangwa la Nevada, ikaning'inia kwenye fremu ya chuma kwenye kimo cha kilomita 30 hivi.

Kazi yote iko kwenye udongo. Japani hutumia keto, udongo mweusi unaonata, sehemu 7, na akadama, chembechembe za udongo mwekundu, sehemu 3. Keto hushika, akadama hupitisha hewa. Usipozipata, changanya vumbi la makumbi ya nazi sehemu 5, udongo wa mfinyanzi 3 na mboji iliyochekechwa 2. Makumbi ya pwani huwa na chumvi, hasa yaliyofukiwa baharini ili kupata usumba, kwa hiyo yaoshe maji matamu mara tatu kabla ya kuyatumia. Ongeza maji kidogo kidogo, ukifinyanga. Fumba ngumi: tone moja au mawili yakitoka, basi, yakichuruzika, ongeza vumbi. Kisha angusha donge mezani kutoka sentimita 30. Likibonyea ni sawa, likipasuka mfinyanzi haujatosha. Wengi huruka jaribio hili, halafu tufe likimeguka ndani ya wiki wanalaumu uzi uliolifunga.

Chagua mmea wa chungu cha sentimita 8 hadi 10, unaopenda unyevu: kangaga ndio bora kwa anayeanza. Mimea ya jangwani iache. Kung'uta udongo wa zamani ubaki kama theluthi, funga mizizi kwa usumba mbichi ulioloweshwa, kisha bandika mchanganyiko pande zote hadi upate ukubwa wa chungwa kubwa. Shina lisizame zaidi ya lilivyokuwa chunguni, maana litaoza.

Funika kwa koke, upande wa kijani nje, vipande vikigusana bila kupandana. Sasa uzi. Kila mzunguko geuza tufe kidogo, uzi upite pande zote kama unavyokunja mpira wa makaratasi, mizunguko 25 hadi 30. Uzi wa pamba hauonekani sana, ila huoza baada ya miezi michache, na kama koke haijashika, tufe linafunguka. Penye joto mimi hutumia mshipi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki.

Kumwagilia ni kuzamisha. Tufe lililokauka ni jepesi na huelea kwenye ndoo. Likandamize chini ya maji, litaanza kutoa viputo kama chupa inayojazwa. Viputo vikiisha, kwa kawaida dakika 5 hadi 10, litoe ulichuje nusu saa. Kunyunyizia peke yake hudanganya: koke inang'aa kwa nje, kumbe katikati ni pakavu kabisa. Zoea kulipima kwa mkono badala ya kufuata kalenda, kwa sababu feni au kiyoyozi hulikausha kwa kasi ya ajabu.

Koke ikigeuka kahawia, tazama kwanza jua la mchana, pili maji. Kisima chenye chumvi huacha utando mweupe na kuiunguza. Maji ya mvua ni dawa. Mbolea nayo huiunguza, kwa hiyo tia robo ya kipimo kwenye ndoo, mara moja kwa mwezi. Tufe likinuka na majani yakiwa ya njano, limekaa kwenye maji ya sahani. Weka kokoto chini yake.

Kuning'iniza kunapendeza pichani, lakini mimi nalipendekezea sahani kwanza. Tufe la sentimita 10 lililolowa hufika nusu kilo au zaidi, na hudondosha maji. Ukitaka juu, tumia kamba tatu na ndoano iliyoingia kwenye mbao.

Mizizi ikianza kuchungulia nje ya koke, usiikate. Zamisha tufe, bandika tabaka jipya la udongo la sentimita 1 au 2, kisha livike koke mpya.