Je, wajua kwa nini imeji ya diski, yaani diski nzima iliyowekwa ndani ya faili moja, hugoma kufunguka mpaka uitajie baiti 32,256?

Tuseme kuna duka la mbolea na mbegu pale Mwanjelwa, Mbeya, ambalo hesabu zake zimo kwenye programu ya zamani isiyokubali kitu kingine ila Windows XP. Kompyuta ilipochoka, fundi aliigeuza diski yote kuwa faili moja, duka.vmdk, na XP ikaendelea kuishi humo kama mashine ndani ya laptop mpya. Mvua za masika zikaja, umeme ukakatika, na betri ya laptop ilishakufa zamani. XP haikuwaka tena. Mwenye duka hana haja na XP. Anachotaka ni daftari la wadeni kabla wakulima wa Uyole na Mbalizi hawajauza mavuno.

Fundi anafungua Linux na kuandika amri ya kupachika diski ili mafaili yake yasomeke:

sudo mount duka.vmdk /mnt/duka

Anajibiwa kwamba mfumo wa mafaili hautambuliki. Wengi wakifika hapo husema faili limeharibika. Mara nyingi halijaharibika hata kidogo.

Amri ya mount haijali jina la faili. Inachungulia mahali maalumu kutafuta alama. NTFS, mfumo wa Windows, huandika jina lake kuanzia baiti ya 3 ya sekta yake ya kwanza (sekta ni kipande cha diski cha baiti 512). Ext4 ya Linux huweka baiti mbili, 53 EF, kwenye nafasi ya 1080. Ukilichungulia duka.vmdk kwa hexdump -C, amri inayoonyesha baiti za faili, mwanzoni kabisa unakuta herufi KDMV, ambazo ni alama ya VMware, programu ya kuendeshea mashine ndani ya kompyuta. Na huko ndani data hazijapangwa kama zilivyokuwa kwenye diski: zimewekwa kadiri zilivyoandikwa, na jedwali ndilo linaloonyesha kipande kipi kiko wapi. Ndiyo maana diski ya GB 40 inaweza kuwa faili la GB 9 tu. Miundo mingine ina mtindo huohuo. Qcow2 huanza na QFI, na VHD hubeba neno conectix.

Kwa hiyo kwanza ganda hilo livuliwe. Kifaa chake ni qemu-img, kinachokuja na QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003:

qemu-img info duka.vmdk
qemu-img convert -p -f vmdk -O raw duka.vmdk duka.raw

Amri ya kwanza inasoma tu na kukupa aina na ukubwa. Ya pili inatoa imeji ghafi, baiti kwa baiti kama diski yenyewe. Usishtuke ls -lh ikisema GB 40 huku du -h ikisema GB 9: sehemu tupu zimehesabiwa bila kuandikwa. Ila ukitaka kuihamishia kwenye flashi, hapo utaumbuka. Flashi ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na ya exFAT itaandika GB 40 zote, pamoja na huo utupu.

Jaribu mount tena. Bado inakataa! Safari hii sababu ni nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Imeji imebeba diski yote, na diski haianzi na mafaili. Sekta ya kwanza, baiti 512, ina msimbo wa kuwashia kompyuta (baiti 446), kisha jedwali la patisheni nne, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, lenye baiti 16 kwa kila patisheni, kisha alama ya 55 AA. Patisheni yenyewe iko mbele. Iko wapi? Uliza:

fdisk -l duka.raw

Kwa diski iliyogawanywa na XP, safu ya Start itasema 63. Zidisha kwa 512, unapata 32,256.

Hiyo 63 ni urithi wa BIOS ya zamani, programu ya kuwashia kompyuta, iliyohesabu sekta za kila njia ya diski (duara moja juu ya sahani yake) kwa biti 6, kuanzia 1. Haiwezi kuzidi 63. Njia ya kwanza yote iliachwa kwa ajili ya kuwashia. Tangu Vista, mwaka 2007, Windows huanzia sekta ya 2048, yaani baiti 1,048,576, kwa kuwa diski mpya huandika kwa vipande vya baiti 4096, na 63 haigawanyiki kwa 8. Kila uandishi ungekanyaga vipande viwili. Basi itajie mount ianzie hapo, ndiyo offset:

sudo mount -o ro,loop,offset=32256 duka.raw /mnt/duka

Hiyo ro, yaani kusoma tu, usiiache. Umeme ulikatika NTFS ikiwa katikati ya kuandika, na jeraha hilo halitaki mkono wa pili.

Kwa kweli, kama unatafuta faili moja tu, sioni sababu ya kubadilisha GB 40. Pachika duka.vmdk yenyewe hivyohivyo ilivyo, kwa qemu-nbd inayoifanya Linux ilione kama diski:

sudo modprobe nbd max_part=8
sudo qemu-nbd -r -c /dev/nbd0 duka.vmdk
sudo mount -o ro /dev/nbd0p1 /mnt/duka

Hapa hakuna kuzidisha; jedwali linasomwa lenyewe. Daftari la wadeni usilitafute My Documents. Programu za hesabu za enzi hizo zilipenda kuficha data kwenye folda yao ndani ya Program Files. Ukishanakili, malizia na sudo umount /mnt/duka, halafu sudo qemu-nbd -d /dev/nbd0, kwa mpangilio huo.