Usher: mtu wa mlangoni aliyevuka kizingiti

Umefika ukumbini umechelewa, harusi imeshachanganya, kadi ya mwaliko imekunjamana mkononi. Wa kukupokea si mzee wa familia wala MC, ni kijana aliyevaa sare ya rangi za sherehe. Anaitazama kadi kama ni ya mmoja au ya wawili, halafu anatangulia mbele yako hadi kwenye meza yenye nafasi. Huyo ndiye usher. Neno hutamkwa karibu sawa na jina la Asha, kwa hiyo usishangae mgeni akigeuka kumtafuta dada huyo.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni Kilatini: ostium ni mlango, ostiarius ni mtu wa mlangoni. Nasi tunaye ndugu yake wa siku nyingi, bawabu, kutoka Kiarabu, ambako bab ni mlango vilevile. Wasomaji wa Biblia wanamjua kwenye Zaburi ya 84, pale mwimbaji anapotamani kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wake.

Mbona basi hatumwiti usher bawabu? Nadhani ni kwa sababu bawabu kazi yake huishia mlangoni: anataka kujua wewe ni nani na umefuata nini. Usher anataka kujua mko wangapi, kisha anaingia nanyi ndani. Katika makanisa ya Kipentekoste ndiyo kabisa, mlango ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Anapanga watu vitini, anapitisha vikapu vya sadaka, anamdaka anayeanguka wakati wa maombezi na, aliyeanguka akiwa mwanamke, anamfunika kanga haraka. Kwa Wakatoliki ostiarius ilikuwa daraja ndogo ya kikanisa, hadi Papa Paulo VI alipoiondoa mwaka 1972.

Nchini Kongo mambo hugeuka. Kwa Kifaransa neno hilohilo ni huissier, na huissier wa mahakama ndiye anayeleta hati za kesi na kukamata mali ya mdaiwa. Yaani usher wa harusini anakuonyesha kiti. Huyu anaweza kuja kukichukua. Usher wa mahakama za Uingereza ni mpole zaidi: anaita mashahidi na kuweka utaratibu chumbani.

Usher mwenye cheo kikubwa kuliko wote ninaowajua yuko Bungeni London, anaitwa Black Rod kwa fimbo yake nyeusi. Mfalme anapofungua Bunge, humtuma awaite wabunge wa Baraza la Makabwela, nao humfungia mlango usoni. Hadi agonge mara tatu ndipo wamfungulie. Ni namna ya kusema ndani ya baraza hilo mfalme haamrishi, kwani mwaka 1642 Charles I aliingia humo akitaka kukamata wabunge watano. Sarah Clarke alikuwa mwanamke wa kwanza kushika fimbo hiyo, mwaka 2018.

Zamani huko Uingereza hata mwalimu msaidizi aliitwa usher. Yule mwanamuziki wa Marekani, Usher Raymond, hahusiki. Hilo ni jina lake tu.

Ukitaka Kiswahili, kanisani sema mhudumu, ukumbini sema mpokea wageni. Mwelekezaji nalo linafaa, ila mimi likinijia nawaza kwanza mtu wa filamu.